Amegusa kioo cha lenzi yangu na kidole cha mandazi!!!

Wadau, niko hapa nje ya ghala la mizigo ya ndege na bado natetemeka. Hao watu wa forodha mnawajua, sina haja ya kueleza.

Lenzi ya kamera nimeagiza Japani, iliyotumika, risiti iko ndani ya boksi. Jamaa amekata boksi, akatoa kifuniko, akaweka KIDOLE juu ya kioo. Kidole kimetoka kwa mandazi saa hiyo hiyo! Mafuta yanang'aa! Halafu ananiuliza, "Hii ni ya kuangalia nyota?"

Risiti ameisukuma kando. Ameingia kwa simu, akatafuta bei ya lenzi mpya, akaandika hiyo. Hapo anaongeza bima, ndipo anapiga ushuru, halafu VAT asilimia 16 juu ya hayo yote. Bado ada ya tamko la kuingiza mzigo asilimia 2.5, na asilimia 2 ya kujengea reli. RELI! Mzigo umekuja na ndege! Ukibishana, ada ya ghala nayo inapanda kila kukicha.

Pesa nitatafuta. Lakini kile kidole, jamani! Alisugua kama anapanguza meza ya kibanda. Kwa yale mafuta ungekaanga samaki wa soko la Gikomba wote.

Mtu_wa_Umoja: Sasa unalilia ushuru ama kidole? Kitambaa cha kupangusia lenzi ni bei gani, kaka?

FundiSimu: Na huku madukani Luthuli, Nairobi, lenzi zimejaa. Nyinyi mnapenda sana vitu vya ng'ambo.

Mwenye uzi: Hamnielewi. ALISUGUA. Aliona nashtuka na akaendelea kusugua!

Ndege_Mdogo: Wewe umeiona lenzi yako. Droni yangu ilishikwa, eti kibali cha kuiingiza kiko wapi. Mpaka leo sijui inapeperushwa na mtoto wa nani.

MamaWawili_Rongai: Mmesahau 2023, zile kelele za kutoza ushuru vitu vya abiria vinavyozidi dola 500 pale uwanja wa ndege? Dada yangu katoka Dubai na viatu vya watoto, sanduku likamwagwa mbele ya watu, sidiria juu juu.

Mwenye uzi: Pole kwa dada. Lakini hizo nguo zinafulika. Kioo kikikwaruzwa kimekwisha!

Mtu_wa_Umoja: Kumbe kimekwaruzwa?

Mwenye uzi: Sijui, mafuta yamefunika!!

Kasarani_Kwetu: Forodha afadhali. Shida yangu ni watu wa boda wa kuleta vifurushi. "Niko kwa geti." Geti gani, hasemi. Ukishuka ameenda na simu imezimwa.

MamaWawili_Rongai: Wangu aliniletea blenda bila jagi.

FundiSimu: Mama, jagi ninazo. Blenda ni aina gani?

MamaWawili_Rongai: Ya lita moja na nusu. Unauza ngapi?

Kasarani_Kwetu: Na kifuniko cha jagi unacho? Changu kilipasuka.