Naombeni ushauri: tumehamia seva mpya, leseni imekataa, huduma kwa wateja wanatuzungusha

Wakuu, habari za kazi. Ofisini tunatumia programu ya michoro ya uhandisi, leseni za kuchangia: watu ni wengi kuliko leseni, anayewahi ndiye anayefanya kazi. Seva ya zamani, kompyuta iliyokuwa inagawa leseni hizo, imekufa, tukahamia mpya, na tangu hapo programu inadai leseni si ya mashine hii. Tumelipia mwaka mzima, mkataba upo.

Kinachoniumiza zaidi ni huduma kwa wateja. Unafungua tiketi, unajibiwa na mashine. Baadaye anakuja mtu, anakwambia zima uwashe. Ukimjibu kwamba umeshafanya hivyo, anaomba picha ya skrini uliyoiambatisha tangu mwanzo. Kesho yake zamu imebadilika, mwingine anaanza na maswali yale yale. Jana nimekuta tiketi imefungwa, imeandikwa "Imetatuliwa". Imetatuliwa na nani, wakati wachoraji wamekaa tu? Ila watu wa mauzo wananipigia wenyewe kunikumbusha kuhuisha usajili. Nifanyeje nimpate mtu anayeelewa?

Fundi Seva:
Pole sana mkuu. Faili la leseni hufungwa kwenye kitambulisho cha seva, mara nyingi anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Seva mpya, kadi mpya, kwa hiyo faili la zamani litakataa hata mkizima na kuwasha mpaka kesho. Kama leseni zenu zinasimamiwa na programu ya FlexNet, endesha amri ya lmhostid kwenye seva mpya ikuonyeshe kitambulisho chake, kisha linganisha na mstari wa SERVER ndani ya faili. Vikitofautiana, mnahitaji faili jipya tu.

Na kwenye tiketi usiandike "programu haifunguki". Hapo ndipo unapoangukia kwa mtu anayesoma maswali kwenye karatasi. Andika "naomba leseni ihamishiwe seva mpya", weka kitambulisho cha zamani, kipya, na namba ya mkataba. Kampuni nyingi zina watu wa leseni peke yao, ombi la namna hiyo huwafikia haraka.

Mpita Njia:
Badilisheni MAC ya seva mpya ifanane na ya zamani. Mchezo umeisha.

Mama Manunuzi:
Mkuu, hilo usilifanye. Linawezekana, lakini mikataba mingi inalikataza, na muuzaji huwa amejiwekea haki ya kuja kukagua. Mkikutwa hivyo, ninyi mliolipa ndio mtaonekana wezi.

Soma mkataba sehemu ya huduma. "Muda wa kujibu" si "muda wa kutatua", na wengine huhesabu ule ujumbe wa mashine kuwa ndio jibu. Halafu huyo wa mauzo anayekupigia ndiye mlango wako. Mwambie kwa maandishi: hatusaini mpaka tiketi hii tuifunge sisi. Kampuni za programu zimebadilika: Adobe walitangaza 2013 kwamba matoleo mapya yatakuwa ya usajili tu, Autodesk wakaacha kuuza leseni za kudumu 2016, na wengi wamefuata njia hiyo. Mteja amebakiwa na nguvu wakati wa kuhuisha tu, basi itumieni.

Mwanzisha uzi:
Shukrani sana wakuu. Vitambulisho vimetofautiana kabisa. Nimefungua tiketi mpya kwa maneno ya Fundi na kumwandikia wa mauzo. Mtu wa leseni amejibu mwenyewe, anataka barua kwamba seva ya zamani haitumiki tena, nimeshaituma. Jingine: kuna wanaofungua programu asubuhi na kuiacha wazi bila kuigusa, wengine wanakosa nafasi. Hilo nalo lina dawa?

Fundi Seva:
Dawa ipo. Amri ya lmstat -a itakuonyesha nani ameshika leseni na tangu saa ngapi. Kisha kwenye faili la machaguo la seva ya leseni weka mstari TIMEOUTALL 3600 (hizo ni sekunde), asiyeigusa programu kwa saa nzima leseni inarudi kwa wenzake. Muulize kwanza huyo mtu wa leseni kama programu yenu inaikubali, maana si zote. Na wachoraji waambie mapema, wahifadhi kazi zao kabla ya kwenda kula.