MJADALA: Kijana wa miaka 25 kuandika wasia ni busara au ni kujichuria?

Mwana wa Langoni:
Assalaam aleikum jamaa. Kuna ndugu yetu hapa Lamu alifariki mwaka jana hata thalathini hajafika, Allah amrehemu, kaacha mke, mtoto anayetambaa, na boti lenye mashini ya Yamaha. Khitma haijapoa watu watatu washafika forodhani kila mmoja anashika mashini, mmoja asema alimkopesha pesa ya kuinunulia, mmoja asema waliinunua kwa shirika, na kakake mkubwa asema alishapewa. Karatasi hakuna shahidi hakuna. Boti likafungwa palepale likapigwa na jua mpaka mbao zikaanza kuachana, na yule mjane yuko edani hawezi hata kutoka kwenda kuuliza. Mimi nasema ukishakuwa na kitu au deni andika, usingoje mvi. Sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, haitaki uzee, inataka mtu mzima mwenye akili timamu bas.

Mtu wa Mkomani:
Sura ya 160 watuletea ya nini, kifungu cha 2 chenyewe chasema mali ya Muislamu itarithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Suratun Nisaa ishamaliza kazi, mke akiwa kuna watoto ana thumuni yake (moja ya nane), mama ana sudusi (moja ya sita), na kadhi yupo. Sasa kijana aandike nini cha kuongeza? Na wengi wao mali yenyewe ni simu na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa.

Ummu wa Shela:
Hapo kwa Fuliza ndio pa kuanzia kakangu. Aya hiyohiyo yasema mgao ni baada ya wasia au deni, sasa deni usipoliandika nani atalijua? Mimi naweka daftari la chama chetu cha kina mama, akifa mmoja tunabaki kuulizana alikuwa adaiwa na nani huko nje, na maiti deni linamngoja. Mtume SAW alisema Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa, hakusema mzee. Alafu kuna hili: nalea mtoto wa marehemu dadangu tangu ananyonya, nami nina mume na wanangu, nikifa leo kwa kadhi huyu hana fungu kabisa. Kitakachomfikia ni ile thuluthi (moja ya tatu) ya mali niliyoruhusiwa kumuusia asiye mrithi, na nisipoandika haimfikii.

Jirani wa Malindi:
Sisi wengine huku ni Wakristo na Sura ya 160 inatuhusu moja kwa moja. Wasia wa mdomo unasimama ukiwa umetamkwa mbele ya mashahidi wawili na ukafa ndani ya miezi mitatu, ikipita hapo ni maneno tu. Wa kuandika utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na usimchukue shahidi yule unayempa kitu. Na vijana mjue hili, ukioa ule wasia wa useja unavunjika, andika mwengine.

Mtu wa Mkomani:
Wasia ndio unaoleta fitina, watu wanaandika nyumba nzima apewe mtoto kipenzi.

Mwana wa Langoni:
Huo haupiti, mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie mwenyewe ashakufa. Fitina tazama mtaani kwako Mkomani, majumba ya mawe yanaanguka dari kwa dari, warithi hawahesabiki, huyu yuko Mombasa huyu Uarabuni, hakuna wa kutengeneza wala wa kuuza. Wangeacha hata wasii, msimamizi wa mali, wa kuwakusanya mapema!

Mtu wa Mkomani:
Deni na shirika nakubali, hilo la mashini limeniuma. Lakini thuluthi mimi siandiki nikiwa na watoto wadogo, Mtume alimwambia sahaba wake Saad thuluthi ni nyingi, bora uwaache warithi wako wanajiweza kuliko kunyoosha mikono kwa watu.

Ummu wa Shela:
Usiiandike basi, si lazima. Andika deni zako, shirika ni la nani na nani, na jina la wasii, nakala moja akae nayo yeye. Mimi wangu nimeandika humus (moja ya tano) si thuluthi, kwa sababu hiyohiyo unayoisema.