Tupeane uzoefu: uliwahi kuacha haki yako kwa ajili ya mwenzako?

Mwalimu wa Jumapili, Unguja
Wapendwa, Ramadhani inakaribia na maneno yameshaanza: "Mimi Mkristo, kupika kwangu mchana ni haki yangu." Ni kweli. Ila nasoma 1 Wakorintho 8 hadi 10, na Paulo haishii hapo. Wakorintho walijua sanamu si kitu, na nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu. Anawakubalia, kisha anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hali nyama tena. Yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kutunzwa na kanisa, lakini pale Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Najua jirani Mwislamu si yule ndugu dhaifu wa sura ya 8, Mkristo ambaye dhamiri yake bado inaiona nyama ile kuwa ya sanamu. Lakini 10:32 inatutaka tusiwakwaze hata walio nje ya kanisa. Leteni visa mlivyoviishi wenyewe.

Mama Upendo, Wete
Mwalimu, sisi tunapikia uani pamoja na majirani Waislamu. Mwaka mmoja mtoto wa jirani alikuwa ndiyo kwanza anafunga. Changu wangu wameshaingia kwenye mafuta, mtoto akaja akakaa kizingitini, midomo imemkauka, anatazama karai hasemi kitu. Mama yake akamwita ndani, wala hakunilaumu. Nikaepua, nikafunika. Wanangu wakala mkate na chai chumbani.

Tangu hapo mwezi ule napika usiku, wenzangu wanapopika daku, tunaazimana chumvi na makaa. Hakuna aliyeniomba. Magharibi naletewa uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, lakini hata nisingeletewa ningefanya vilevile.

Kijana wa Forodhani
Shemeji yangu aliacha pombe kwa taabu sana. Mimi bia moja baada ya kazi dhamiri hainishitaki. Akija kwangu haipo, hata kwenye friji. Warumi 14:21: ni vyema kutokunywa divai ikiwa inamkwaza ndugu yako. Basi.

Dada wa Mbweni
Naomba na mimi mnisikilize. Nilifanya kazi za ndani kwa watu wa kusali kabisa. Mshahara ukichelewa naambiwa, "Dada, upendo hauhesabu." Nikiomba Jumapili niende kanisani Mkunazini, naambiwa nijitoe kwa ajili ya watoto. Kila siku wa kujitoa ni mimi tu. Na huo ni upendo?

Mwalimu wa Jumapili
Hapana, dada yangu, na nashukuru umelisema. Paulo alijinyima cha kwake, hakumnyima mtu ujira wake. Sura ileile ya 9 inakumbusha kwamba hata ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa. Na kule Filipi, yeye na Sila walipopigwa bila kuhukumiwa, alisema wao ni raia wa Rumi, wasiopaswa kupigwa hivyo, akataka wakubwa waje wenyewe kuwatoa gerezani. Kuna wakati haki hudaiwa. Wanaoambiwa wachukue udhaifu wa wengine, Warumi 15:1, ni wenye nguvu, na katika nyumba ile mwenye nguvu ni aliyeshika mshahara. Ulilipwa?

Dada wa Mbweni
Nililipwa, baada ya padri wetu kwenda kukaa nao barazani. Mtaani sikuwasema. Haki ya kuwasema nilikuwa nayo, ila watoto wao nimewalea mimi, na hadi leo wananiita mama mdogo.