Mjadala: Majina ya walio seli za polisi yawe wazi kwa umma, kaunti kwa kaunti?

Mkazi wa Mavoko (mwanzisha mjadala)

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili kwa utulivu. Mtu akikamatwa leo Mlolongo, Kitengela au Malindi, ni nani ana haki ya kujua yuko kituo gani, kwa tuhuma gani na tangu saa ngapi? Msimamo wangu ni kwamba kila kituo kibandike ukutani kila asubuhi orodha ya walio seli, na orodha hiyo hiyo isomeke mtandaoni kwa kila kaunti. Jina, namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), saa aliyoingizwa, tuhuma, na korti atakayopelekwa. Akitoka, jina litoke.

Anayemtafuta mtu wake sasa hivi anaanzia meza ya ripoti, akimwomba afande aangalie OB. Kitabu chenyewe kiko upande wa pili wa meza. Ukiambiwa "hayuko hapa", huna pa kuhakikisha, unapanda matatu hadi kituo kinachofuata. Na usidhani ofisi ya gavana itakusaidia. Polisi wa Kenya ni huduma moja ya taifa, kaunti haina daftari la waliokamatwa. Mtu anachukuliwa Machakos, analala Nairobi, na hakuna karani wa Machakos anayejua.

Sisi wa Mavoko hatuwezi kulichukulia jambo hili kijuujuu. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka korti ya Mavoko. Walifungiwa kwenye kambi ya polisi wa utawala, Syokimau. Akiwa mle ndani, Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni akautupa nje, akiomba mke wake apigiwe simu aambiwe kwamba wako hatarini. Mpita njia akauokota. Miili yao ilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Polisi watatu na mpashaji habari wao walipatikana na hatia mwaka 2022, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo.

Huyo alikuwa wakili. Sheria aliijua kuliko waliomfungia. Bado alilazimika kutegemea karatasi ya chooni na huruma ya mpita njia. Kama huo ndio mpango tulio nao wa kujulisha watu nani yuko wapi, hatuna mpango. Nawasikiliza.

Mwalimu, Kilifi

Mkazi wa Mavoko, uchungu wako nauelewa, lakini napinga, na napinga kwa nguvu.

Nimefundisha kijana aliyebebwa kwenye msako pamoja na wenzake, jioni, wametoka kucheza mpira. Kuna aliyewapiga picha wakiwa wamekalishwa chini nje ya kituo, ikaenda Facebook ikiwa na maneno "genge la visu lanaswa". Kesho yake mchana waliachiliwa bila shtaka. Ile picha ipo mpaka leo. Kijana alipokwenda kuomba kazi ya ulinzi kwenye hoteli, bosi akamwonyesha kwenye simu. Nani alimwandikia bosi kwamba kesi haikuwepo? Hakuna. Habari ya kukamatwa hukimbia, habari ya kuachiliwa haitoki mlangoni.

Katiba kifungu cha 50 inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Mtaani kwetu "mshukiwa" na "mwizi" ni mtu mmoja. Na hapa Kilifi kuna jambo baya zaidi: wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Sasa mchukulie mzee aliyepelekwa kituoni kuhojiwa, au hata kuokolewa na hasira za watu, halafu jina lake libandikwe ukutani pamoja na tuhuma. Mmewaandikia wauaji anwani.

Kitu kingine. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa mlevi aliyekwenda kustarehe kwa hiari analindwa sura yake, vipi aliyeshikwa kwa nguvu?

Afande mstaafu

Nimekaa meza ya ripoti kwa miaka mingi, wacha niwaeleze kitabu chenyewe kabla hamjakilaumu.

OB huandikwa kwa mfululizo. Namba huanza upya kila siku, ndiyo maana ukipewa namba unaona nambari ya tukio kisha tarehe. Saa inaandikwa, jina la afisa linaandikwa, na mistari haiachwi wazi, ili mtu asije baadaye akapachika jambo katikati. Mshukiwa akiingia seli, vitu vyake vinaandikwa pia: simu, mshipi, pesa, kamba za viatu. Afande wa zamu akibadilishana na mwenzake anahesabu walio ndani na kuandika idadi. Ukikifuata kitabu hiki kwa uaminifu, huwezi kumpoteza mtu.

Shida huja pale kikosi kutoka makao makuu kinapoleta mtu usiku na kusema "mtuwekee, kesho tunamchukua". Afande mdogo afanye nini? Akiandika, ataulizwa. Asipoandika, mtu yuko seli na hayuko kitabuni.

Orodha ya ukutani naiunga mkono, tena ingemlinda huyo afande mdogo. Ya mtandaoni siiafiki. Ukishika mmoja wa genge la kuiba pikipiki saa nne usiku, unahitaji usiku huo kuwafikia wengine. Jina likitoka asubuhi kwenye simu ya kila mtu, pikipiki zimeshavuka mpaka.

Mkenya wa Dallas

Nimeishi Texas muda mrefu, na hayo mnayoyabishania yalishafanyika huku, mazuri na mabaya yake.

Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, ambaye anachaguliwa kwa kura. Kaunti kubwa kama Dallas na Harris zina ukurasa wa kumtafuta aliye ndani: unaandika jina, unaona shtaka na kiasi cha dhamana. Ndugu yetu mmoja wa kanisani alipokosa kurudi kutoka kazini, tulimpata kwa njia hiyo usiku uleule, tukachanga, akatoka. Hakuna aliyezunguka kituo kwa kituo. Hilo ni jema na silifichi.

Ubaya ni kwamba yakishawekwa wazi, yeyote anayachota. Kulizuka tovuti zinazokusanya picha za waliokamatwa kutoka kaunti mbalimbali, kisha zinawadai wenye sura pesa ili kuziondoa. Mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa California aliwashtaki wamiliki wa Mugshots.com kwa kuwatoza watu pesa kwa vitisho. Kwa maelezo ya mashtaka, walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 2 nchi nzima katika miaka mitatu. California yenyewe ilipitisha sheria, inayotumika tangu 2022, inayozuia polisi kuweka mitandaoni picha za waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya ukatili.

Kwa hiyo Mkazi wa Mavoko, unaposema "akitoka, jina litoke", nani atalitoa kwenye simu ya aliyekwisha kulinakili?

Wakili, Machakos

Niongeze sheria ilivyo, maana wengi wanadhani hakuna kitu kabisa.

Katiba kifungu cha 49: aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na mtu mwingine anayeweza kumsaidia, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa korti, ni siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayeshikwa Ijumaa jioni mara nyingi huonekana Jumatatu. Ukimtafuta mtu Jumatatu asubuhi, usigande kituoni. Nenda korti ya eneo hilo, soma orodha ya kesi ubaoni, kisha keti mahali wapya wanaposomewa mashtaka. Wengi hupatikana hapo.

Halafu kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuliwasilisha hakulipiwi. Asiyejua kusoma analisema kwa mdomo, na ofisa analiandika. Ukinyimwa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Angalieni kasoro, ingawa. Saa 48 ni ndefu mara mbili kuliko saa 24 za kumfikisha mtu kortini. Jibu linaweza kuja wakati mtu ameshasomewa mashtaka, au ameshaumizwa. Hapo ndipo ningetaka Bunge liguse: swali la "fulani yuko kwenu?" lijibiwe palepale mezani, kwa maandishi, lenye muhuri na saa. Orodha ya wote kuonekana na wote sidhani tunaihitaji. Watoto, kwa vyovyote vile, majina yao yasitajwe popote.

Dada wa Kitengela

Nyote mnazungumza kana kwamba anayechukuliwa huandikwa.

Tarehe 19 Agosti 2024, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa hapa kwetu Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Polisi walikana kuwa nao. Mahakama Kuu ikamwita aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze walipo. Hakuja, mara baada ya mara, mpaka tarehe 13 Septemba akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama. Siku chache baadaye, tarehe 20, hao watatu wakaonekana wakiwa hai, Kaunti ya Kiambu. Walichukuliwa Kajiado, wakatupwa Kiambu. Masengeli naye alijitokeza na adhabu ikafutwa. Mwisho wa Desemba mwaka huo, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema visa vya utekaji vilivyoripotiwa tangu Juni vimefika 82, na watu 29 bado hawajulikani walipo.

Niambieni, orodha ya ukutani ingewasaidiaje hao? Mtekaji habandiki jina. Mtatundika karatasi safi, mama ataisoma, hatamwona mwanawe, na afande atamwambia "umeona mwenyewe mama, hayuko". Mtakuwa mmempa polisi ushahidi wa uongo wake.

Mkazi wa Mavoko

Dada, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa, kwa hiyo naanza nayo.

Ni kweli mtekaji haandiki. Lakini fikiria uongo unaosemwa kwa mdomo na uongo uliopigwa muhuri. Leo afande akisema "hayuko" na baadaye ikabainika alikuwa seli, atasema hakuulizwa, au hakuwa zamu, au mama alikosea jina. Anakanushaje karatasi yenye saa, namba yake ya kazi na sahihi? Hiyo karatasi inaingia kortini siku ileile kwenye ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya jaji, akiwa hai au la. Inakwenda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Na aliyekuwa zamu, kama alivyosema afande mstaafu, anapata kisingizio halali cha kumkatalia bosi: "Mkubwa, nimeshatia sahihi." Haizuii utekaji. Inaondoa maficho ndani ya vituo vyetu wenyewe, na Syokimau ilikuwa kambi ya polisi, si nyumba ya majambazi.

Mwalimu, kuhusu picha niko upande wako kabisa. Picha hapana, hata moja, wala kwa polisi wenyewe, ambao DCI yao, idara ya upelelezi, imezoea kutundika sura za washukiwa mtandaoni kabla hakimu hajawaona. Tuhuma nayo nakubali isibandikwe, kwa sababu ya wazee wa Kilifi. Ibaki jina, kituo na saa.

Wa Dallas umenikwamisha kwenye mtandao, sikatai. Labda usiwe ukurasa wa kusomwa na kila mtu. Uwe wa kuuliza: unaandika jina na namba ya kitambulisho cha unayemtafuta, unajibiwa yupo au hayupo. Jirani mbeya hatakuwa na namba ya kitambulisho chako. Mama yako anayo.

Afande mstaafu

Hilo la kuuliza kwa namba ya kitambulisho naliunga mkono. Genge haliwezi kusoma orodha ambayo haipo. Ila mkumbuke vijana wengi wanaobebwa kwenye msako hawana kitambulisho mfukoni, na wengine wanatoa jina la uongo wakiogopa nyumbani. Mtakayemtafuta kwa jina la Baraka ameandikwa Juma.

Mwalimu, Kilifi

Mzee wangu, shikamoo. Kwa jina la uongo, basi mama aruhusiwe kusogea mpaka mlango wa seli aite kwa sauti. Mtoto atamjua mamake.

Kwa upande wangu bado sijashawishika na ukuta. Karatasi ya muhuri ya wakili naikubali, swali la namba ya kitambulisho nalikubali. Jina ukutani, hata bila tuhuma, mji mdogo utalijazia tuhuma wenyewe kabla ya saa sita mchana. Mkazi wa Mavoko, ukiuondoa ukuta kwenye pendekezo lako, nitatia sahihi yangu na nitawaletea za walimu wenzangu. Ukiubakiza, nitaendelea kukupinga.

Dada wa Kitengela

Na mimi naubakiza ukuta. Mama asiye na simu ya mtandao, asiyejua kuandika barua, na aliyemwogopa afande tangu utotoni, atasoma nini kama si ukuta? Wakili, tuwekee hapa mfano wa hiyo barua ya saa 48 kwa Kiswahili, watu waichape waipeleke kesho. Mengine tutaendelea kubishana.