Mjadala: Je, Sheria Izilazimishe Kampuni Kuweka Data Zao Ndani ya Nchi?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tulijadili wazi jambo hili: je, kampuni binafsi za Tanzania zishurutishwe kuweka mifumo na data zao katika vituo vilivyomo nchini, au ziachwe zichague zenyewe kati ya wingu la binafsi hapa nyumbani, yaani seva za kampuni yenyewe zinazotumiwa kupitia mtandao, na huduma za kampuni kubwa za nje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haijafunga mlango wa kusafirisha taarifa nje ya nchi, ila imeuwekea masharti. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya 2019, wamempa waziri uwezo wa kutaja aina za uchakataji zitakazofanyika kwenye seva iliyomo nchini mwao, na wapo hapa kwetu wanaotaka tuwapite. Mimi siungi mkono shuruti, ingawa kampuni ninayoifanyia kazi imekwisha kurudisha data zake nyumbani na sijutii hata kidogo.

Tulihama kwa sababu ya Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu asubuhi, kwenye ghala letu la vifaa vya ujenzi Vingunguti, nilikuta malori saba yamepanga foleni mpaka barabarani, na karani wa ankara ameketi mbele ya kompyuta isiyofungua chochote. Mfumo wa stoo ulikuwa kwenye seva za Cape Town. Saruji yenyewe ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kiti chake. Akatafuta kitabu cha ankara chenye karatasi ya kaboni, ambacho hatukuwa tumekigusa kwa miaka mitatu, akaandika kwa mkono hadi saa kumi jioni. Kuziingiza karatasi zile kwenye mfumo kulituchukua wiki mbili, na ipo mifuko ya saruji ambayo hadi leo haijulikani ilibebwa na nani.

Baada ya hapo tulikodi kabati moja la seva katika kituo cha data jijini Dar es Salaam, tukaweka seva tatu za kwetu na programu inayozigawa kuwa mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu, kila idara na yake. Wingu la binafsi kwa kampuni ya ukubwa wetu ni hilo tu. Tunacholipia hasa ni umeme na ubaridi: kituo cha kiwango cha Tier III kimejengwa hivi kwamba fundi anaweza kuzima jenereta, kiyoyozi au njia yoyote moja ya umeme akaifanyia matengenezo bila seva hata moja kuzimika. Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu Aprili 2024, ofisi nyingi zilijifunza kwamba betri ya dakika kumi na tano ni ya kuzimia mashine kwa usalama na haiwezi kuendesha kazi.

Sasa piga picha sheria inasema tu kwamba data ziwe nchini. Mwenye duka la jumla hatakodi kabati. Atanunua seva moja, ataiweka kwenye chumba cha mafaili chini ya kiyoyozi kinachovuja, na mkaguzi atapiga tiki.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na naona ushahidi wako unakukana. Mkongo usingekatika mngehama lini? Vituo vyetu ni ghali kwa sababu wateja ni wachache, na wateja ni wachache kwa sababu kila mmoja anangoja janga lake. Shuruti ingeleta wingi ambao hiari haijauleta, na ingepunguza ankara za dola zinazotuumiza kila shilingi inapoteleza. Tena hukugusa suala la mamlaka. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoruhusu vyombo vyake kuzidai kampuni za kwao data walizonazo, hata zikiwa zimehifadhiwa nje ya Marekani. Je, unaridhika majalada ya wagonjwa na miamala ya benki yawe huko?

Mleta mada:

Kuhusu wagonjwa na benki nakubaliana nawe, na ningependa sekta hizo ziwe na kanuni zake. Lakini mfano wako wa Marekani unaonyesha kwamba kinachohesabika ni nani anamiliki huduma, kwa hiyo kampuni hiyo hiyo ikijenga kituo Kigamboni tatizo linabaki palepale. Wala kuwa na seva zetu hakujatutoa mikononi mwa wageni: kampuni ya Marekani ya Broadcom ilipoinunua VMware, mtengenezaji wa programu za mashine pepe, Novemba 2023, leseni za kununua mara moja zilifutwa zikabaki za kulipia kila kipindi, nasi tukalazimika kutafuta programu nyingine.

Ningependa mkaguzi aulize nakala ya pili ya data iko wapi na ilijaribiwa lini kurejeshwa. Kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kilipoungua tarehe 10 Machi 2021, walikuwapo wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao zilikuwa kwenye eneo lile lile. Sisi tulifanya jaribio letu la kwanza la kurejesha nakala Februari iliyopita. Mpango uliandika kwamba kazi ingechukua saa tatu. Tulitumia saa kumi na moja, kwa kuwa nenosiri la nakala alilijua kijana mmoja aliyekwisha kuacha kazi, na simu yake ilipatikana jioni, akiwa kwenye basi la Mwanza. Data zote, wakati huo wote, zilikuwa Dar es Salaam.