Tupeane uzoefu: Mliwezaje kuifanya sauti ya mtoto isikike palipojaa matusi mtandaoni?

Ndugu wanajamvi, ninaishi Pasua, Moshi, na binti yangu wa miaka kumi ana ualbino. Mwaka jana, tarehe 13 Juni, siku ambayo dunia huadhimisha uelewa kuhusu ualbino, mtu mmoja aliandika maneno ya chuki kuhusu watoto kama yeye kwenye ukurasa wa habari za mtaani, nami nikakesha nikimjibu. Kulipopambazuka andiko lile lilikuwa limewafikia watu wengi zaidi, kwa sababu mitandao huhesabu majibu bila kujali kama yanaunga mkono au yanapinga, na miongoni mwa waliolisukuma nilikuwemo mimi. Hilo liliniuma kuliko matusi yenyewe.

Binti yangu alinikuta na macho mekundu, akaomba simu arekodi. Alizungumza dakika moja tu: jinsi anavyopaka kila asubuhi mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, akianzia masikioni kwa kuwa ndiko watu husahau, na jinsi atakavyorusha ndege juu ya Kibo, "ila dirisha la rubani liwe na pazia". Niliiweka sauti hiyo pamoja na mchoro wake wa ndege, bila uso wala jina, kisha nikawaomba majirani waandike maoni pale na kule waache. Muuza ndizi mmoja wa Mbuyuni alimwuliza pazia litakuwa la rangi gani, na mwanangu akashinda siku nzima akichagua. Naomba nanyi mtueleze mlivyofanya.

Mwalimu, Ngarenaro, Arusha
Mama, pole kwa usiku ule, na mpe binti hongera zetu. Shuleni kwetu, kila ifikapo 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, wanafunzi huandika wanachokitarajia, nasi husambaza maandishi hayo kwa ridhaa ya wazazi, tukiondoa jina la shule na chochote kinachomtambulisha mtoto. Mwaka mmoja kijana alikataa lake lisisambazwe, na wenzangu wakataka kumshawishi kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko yote. Nilipinga. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa, na kwangu "hapana" yake nayo ni maoni.

Mzee wa Sakina
Mjukuu wangu alipotukanwa kwa sababu ya kabila la mama yake, kwanza tulihifadhi picha za maandishi yale kama ushahidi, ndipo tukaripoti, kwa maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza matusi ya namna hiyo. Tulipiga pia 116, namba ya msaada kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Msiyafute kabla ya kuhifadhi.

Mama wa Pasua
Shikamoo mzee, nimelishika hilo. Mwalimu, yule kijana aliishia wapi?

Mwalimu, Ngarenaro
Muhula uliofuata alikuja na karatasi ileile, imekunjwa mara nne, akaomba aisome mwenyewe mbele ya darasa lake tu. Tulifunga mlango, akasoma.