Hita ya F-150 ya 1994 inavujia ndani ya kabini: nifungue mwenyewe au nilipe?

MlimaMeru (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina pikapu ya Ford F-150 ya 1994, injini ya lita 4.9, silinda sita za mstari mmoja, gia za mkono. Niliinunua kwa mzee mmoja mkulima. Bodi imeliwa na chumvi ya barabarani kule nyuma juu ya matairi, lakini injini haijawahi kunilaza njiani. Ndiyo inayobeba makochi na friji za ndugu zetu wakihama apatimenti kila mwisho wa mwezi, na ndiyo inayonipeleka kazini zamu ya usiku.

Sasa tatizo. Tangu baridi ilipoanza kuuma, nikiwasha hita kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani. Siyo ule ukungu wa pumzi. Nikifuta na kitambaa unabaki utando unaoteleza kama mtu kapaka mafuta ya nazi, na usiku taa za magari yanayokuja zinasambaa kioo kizima. Kabini inanuka utamu fulani unaokera kooni. Zulia upande wa abiria limelowa. Mke wangu alipanda Jumapili na viatu vya kanisani, akashuka bila kusema neno, na waliooa wanajua hiyo maana yake nini. Kulanti, yaani maji ya dawa yanayopoza injini, inapungua, lakini chini ya gari nikiegesha hakuna hata tone.

Gereji moja hapa wamesema ni rejeta ndogo ya hita, ile inayopitisha kulanti ya moto ili ipashe hewa ya kabini, kwamba lazima dashibodi nzima ing'olewe, dola 900 na ushee. Pikapu yenyewe niliinunua 1,800! Jirani anasema nimimine ile dawa ya chupa ya kuziba matundu. Mwingine anasema niunganishe mipira kule mbele, hita ikae bila kazi mpaka kiangazi.

Nina soketi, bisibisi, plaisi, na banda la kuazima lenye taa ila halina joto. Mnanishaurije?

Spana14 (Des Moines, Iowa)

Mkuu, hiyo 900 iache mfukoni.

Dashibodi haing'olewi. Aliyekutajia bei hiyo anakisia kwa magari mengine. Yapo kweli magari ambayo hita yake ni adhabu: unatoa usukani, unatoa dashi, unatoa gesi ya AC, na ukimaliza kurudisha unabaki na skrubu mkononi hujui ilitoka wapi. F-150 za 1987 mpaka 1996 hazimo humo. Rejeta ya hita imekaa nyuma ya droo ya dashibodi, pale mbele ya magoti ya abiria, imefunikwa na kifuniko cha plastiki chenye skrubu za soketi ya milimita 8. Ukitoa kifuniko, rejeta unaivuta kuelekea kwako inatoka. Mimi ufundi nimejifunzia Mbeya, kwenye malori ya njia ya Tunduma, na nakwambia ni magari machache niliyoshika yaliyochorwa na mtu aliyemkumbuka fundi. Hili mojawapo.

Lakini kabla hujanunua kitu, hakikisha. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, kandamiza kwenye zulia lililolowa. Ikitoka na rangi ya kijani na inateleza vidoleni, ni kulanti. Ikitoka maji matupu yasiyo na harufu, basi huenda mpira wa kioo cha mbele umechoka, theluji inayeyuka na kupenya, au tundu la kutolea maji ya AC limeziba. Kwa ule utando ulioueleza mimi naamini ni hita, ila karatasi ya chooni haina gharama. Ukitaka uhakika zaidi, maduka makubwa ya vipuri huku Marekani yanaazimisha pampu ya kupima presha ya rejeta: unaweka amana, ukirudisha pampu unarudishiwa hela yako yote. Ifunge kwenye rejeta injini ikiwa baridi, piga pampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe, kisha ingia kabini uchungulie chini ya droo. Sindano ikishuka na huko ndani kunadondoka, kesi imekwisha.

Kazi yenyewe. Injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta wa injini ya moto unaunguza uso, mimi nimemwona mtu. Fungua bomba dogo chini ya rejeta kubwa, kinga kwenye beseni lita nne au tano hivi, ili maji yashuke chini ya usawa wa mipira ya hita. Mipira miwili inaingia kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini, upande wa abiria. Legeza klipu. Mpira ukikataa kutoka usiung'ang'anie na plaisi, uchane na kisu kwa urefu, kwa sababu mpira wa umri huo ni wa kutupa tu. Nunua mipira yote miwili mipya na klipu mpya. Angalia kipenyo, kwani kwa kawaida hailingani, mmoja ni inchi 5/8 na mwingine 3/4. Hapo ndipo watu wanarudi dukani mara ya pili na mikono imejaa kulanti.

Kabla ya kuivuta rejeta, puliza hewa taratibu kwenye mdomo mmoja wa bomba ili kulanti iliyobaki itokee mdomo wa pili, ikingwe kwenye ndoo. Tumia pampu, usipulize kwa mdomo wako, hiyo ni sumu. Usipofanya hivyo, lita nzima inamwagika juu ya zulia ambalo tayari linakugombanisha na shemeji. Tandika mifuko ya plastiki na mataulo ya zamani hata hivyo.

Droo ya dashibodi ukiifungua, bana kuta zake mbili kuelekea ndani, itashuka yote ining'inie. Ukiona vijipira vyembamba vya vakyumu vimepita karibu na kifuniko, visogeze polepole, usivikate. Baridi ikiwa kali plastiki inakuwa kama biskuti, kwa hiyo kama banda halina joto, endesha gari kwanza kabini ipate uvuguvugu, au azima hita ya umeme.

Rejeta mpya haifiki dola mia. Iweke sambamba na ya zamani ukiwa bado dukani, ulinganishe urefu wa mabomba na mahali yalipokaa. Halafu sponji! Rejeta ya zamani imezungushiwa sponji pembeni. Mpya nyingine zinakuja bila hiyo au na kipande cha kubahatisha. Nunua ya kubandika, zungushia vizuri. Bila sponji hewa ya feni inapita pembeni mwa rejeta badala ya katikati yake, utakuja hapa kulalamika kwamba umebadilisha hita na bado unatetemeka.

Kujaza: kulanti ya kijani nusu, maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu. Hapo una kinga mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri za Selsiasi. Wewe uko jimbo ambalo mji wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, ulifika 51 chini ya sifuri, kwa hiyo ukitaka asilimia 60 ya kulanti sitakucheka. Ila usimimine kulanti tupu ukidhani ndiyo kinga zaidi. Kulanti tupu inaganda karibu nyuzi 13 tu chini ya sifuri. Kuchanganya na maji ndiko kunakoipa nguvu.

Dawa ya chupa achana nayo. Haichagui tundu. Inaziba pale ilipopata njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote kwenye gari lako ni hizo za rejeta mpya utakayoinunua baadaye.

NjombeHilux (Njombe)

Mimi natofautiana kidogo na fundi. Hilux yangu ya dizeli hita ilitoboka, fundi akaunganisha mpira ukazunguka kule mbele, kazi ya dakika chache, na gari linapiga mzigo wa viazi mpaka Makambako bila shida. Hapa Njombe Juni na Julai kuna baridi ya barafu kwenye majani na bado tunaishi, tunavaa koti zito basi. Kwa nini mtu ajisumbue?

Spana14

Mkuu wa Njombe, hilo koti lako nalijua, nimelivaa. Lakini Minnesota hita siyo ya kupasha magoti. Ndiyo inayofuta kioo. Nyuzi 25 chini ya sifuri pumzi ya dereva inaganda kwenye kioo kwa ndani, unakwangua ndani na nje huku unaendesha. Kuzungusha mpira ni sawa kwa kulifikisha gari nyumbani, tena kwake atahitaji kiungio cha kuunganisha mpira wa 5/8 na wa 3/4. Kukaa nalo msimu mzima wa baridi hapana.

Na wewe nikuulize, kwenye rejeta unaweka nini?

NjombeHilux

Maji ya bomba, fundi. Kama kila mtu.

Spana14

Ndiyo maana hita ilitoboka. Maji matupu yanaleta kutu na magaga, na rejeta ya hita ina njia nyembamba kuliko zote, inaumia ya kwanza. Halafu Njombe mko juu sana, karibu mita 2,000, na kwa mwinuko huo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, siyo 100. Kinachokuokoa ni presha ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukilegea ukipandisha na mzigo wa viazi, utachemsha. Weka kulanti, hata kama hakuna baridi ya kugandisha.

BibiTatu (Portland, Maine)

Naomba niongeze kitu ambacho wanaume mnapitiliza. Hiyo kulanti ina ladha tamu, mbwa na watoto wanailamba. Kiasi kidogo tu kinaua mbwa, figo zinakufa. Beseni la kinga lisiachwe sakafuni usiku, na isimwagwe kwenye majani. Baadhi ya maduka ya vipuri au kituo cha taka hatari cha wilaya wanaipokea, piga simu kwanza uulize.

Na zulia kaka, usilikaushe tu. Ling'oe, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na lile godoro la chini yake. Hiyo kitu haikauki kama maji. Ukiliacha, kila ukiwasha hita mvuke unapanda kiooni na utadhani hita mpya nayo inavuja. Kioo kifute kwa spiriti, kisha kwa siki na maji, na karatasi safi kila mara, la sivyo unausogeza tu ule utando.

MlimaMeru

Wakuu nimerudi. Karatasi ya chooni ilitoka kijani kama mchicha, hata pampu sikuazima. Nimefungua Jumamosi. Droo imeshuka kama fundi alivyosema. Kifuniko skrubu moja imejificha juu kabisa, nimeipata kwa kupapasa. Rejeta ya zamani ilikuwa na ukoko mweupe pembeni pale bomba linapoungana na tanki lake, ndipo ilipokuwa inatoa. Mipira yote nimebadilisha, sponji nimezungusha. Zulia liko bafuni, shemeji yenu ameruhusu kwa masharti.

Ila joto ni hafifu. Hewa inatoka vuguvugu, nikisimama taa nyekundu inakuwa baridi kabisa, nikikanyaga mafuta inapata joto kidogo. Sponji nimeweka, naapa.

Spana14

Hiyo ni hewa imenasa. Shika mipira miwili ya hita injini ikiwa ya moto, kwa uangalifu, feni iko karibu. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, maji hayazunguki. Yote miwili ikiwa ya moto sawasawa, basi maji yapo, na shida ni kile kilango cha kuchanganya hewa ndani ya boksi. Kinavutwa na kebo kutoka kwenye kitufe cha joto, na kebo huchomoka.

Kama ni hewa: subiri ipoe, pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, fungua mfuniko, washa injini, kitufe cha joto mwisho kabisa, acha ingurume bila kuzimika mpaka themostati (kilango kinachoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta kubwa) ifunguke, karibu nyuzi 90. Utaona kiwango kinashuka ghafla na mapovu yanatoka. Jaza. Rudia mpaka isishuke tena, funga.

Kitu kingine, kwa sababu ya huo ukoko mweupe. Weka mita ya umeme kwenye volti ndogo, waya hasi kwenye hasi ya betri, waya chanya uchovye kwenye kulanti bila kugusa bati la rejeta. Injini inazunguka, taa na feni vimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.4, kuna umeme unapita kwenye maji na unakula chuma. Mara nyingi ni waya wa ardhi kati ya injini na bodi umeoza kwa chumvi. Usipourekebisha utabadilisha hita nyingine.

MlimaMeru

Mpira mmoja moto, mwingine vuguvugu. Nimepandisha pua ya gari kwenye mwinuko wa banda, imemeza zaidi ya lita nzima ya mchanganyiko, ikatapika mapovu, na sasa mikono inaungua kwenye matundu ya hewa. Mita inasoma 0.6. Waya wa ardhi nyuma ya injini umebaki nyuzi chache za kijani. Mpya nimeagiza.

NjombeHilux

Fundi Spana, nimekubali yaishe. Rejeta ya hita ya Hilux yangu bado ipo stoo. Inachomeleka?

Spana14

Ikiwa ya shaba, ndiyo, peleka kwa fundi rejeta aichomelee kwa risasi, kisha aizamishe kwenye maji na kuipulizia hewa mbele yako kabla hujalipa. Ikiwa ya alumini usipoteze hela, tafuta nyingine.